Uboho wa mifupa na hesabu ya sindano ya mionzi

Uboho wa mifupa ndio unaoweka kikomo cha tiba ya kingamwili zenye mionzi. Katika tiba hiyo, kingamwili inayoshika chembe za saratani hufungwa atomu yenye mionzi, kisha mgonjwa huchomwa sindano ya mshipa. Dawa huzunguka na damu kwa siku kadhaa, na muda wote huo uboho, ambao ndio kiwanda cha damu, hupigwa mionzi pamoja na uvimbe. Ukizidiwa, chembe nyeupe na chembe sahani hupungua, na mgonjwa hukaribia maambukizi na kuvuja damu.

Tiba hii iliwezekana baada ya Georges Köhler na César Milstein kubuni, mwaka 1975 huko Cambridge, njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja kwa wingi. Afrika nayo ina sehemu yake, ingawa haitajwi sana. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza saratani ya taya za watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali baada ya hospitali, na ikadhihirika kwamba ugonjwa huo ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Chembe za saratani hiyo kutoka kwa mtoto wa Nigeria, zilizooteshwa maabara mwaka 1963 na kuitwa Raji, ndizo zilizotumika baadaye kuzalisha kingamwili ya Lym-1. Katika miaka ya 1980, Sally na Gerald DeNardo wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliifunga iodini 131 na kutibu wagonjwa wa limfoma.

Ugumu ulikuwa kwenye hesabu ya mionzi inayoufikia uboho. Uboho umetawanyika ndani ya mifupa, hauwekwi kwenye mizani wala kuchotwa kila saa. Njia ya mkato ikawa damu. Mwaka 1962 Richard Benua na wenzake wa New York, wakitibu saratani ya tezi ya shingo kwa iodini 131, walipendekeza damu isipokee zaidi ya radi 200, yaani grei 2. Lakini damu si uboho. Mwaka 1993 mtafiti George Sgouros alieleza tofauti hiyo kwa hoja nyepesi: kingamwili huelea kwenye plazma bila kuingia ndani ya chembe nyekundu, na katika uboho hukaa kwenye majimaji yaliyo kati ya chembe, ambayo ni kama asilimia 19 tu ya uboho. Kwa hiyo, ili kupata uwiano wa mionzi ya uboho na ile ya damu, 0.19 hugawanywa kwa sehemu ya damu ambayo ni plazma. Mwenye hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ya asilimia 45 hupata takriban 0.35, mwenye upungufu wa damu, asilimia 30, hupata 0.27. Aliyechukulia uboho kuwa sawa na damu alikuwa anaukadiria mionzi karibu mara tatu ya ile halisi.

Hesabu hiyo huanguka pale saratani inapokuwa imeingia kwenye uboho wenyewe, kwa kuwa kingamwili huifuata humo humo. Hapo hutumika kamera ya gama kupiga picha uti wa mgongo wa kiunoni. Itriamu 90 haitoi gama ya kupigia picha, hivyo indiamu 111 iliwekwa badala yake kwa ajili ya picha.

Marekani iliidhinisha Zevalin, yenye itriamu 90, mwaka 2002, na Bexxar, yenye iodini 131, mwaka 2003. Bexxar ilipangiwa senti-grei 75 za mwili mzima kwa vipimo vya kamera. Iliondolewa sokoni mwaka 2014. Zevalin ilipangwa kwa uzito wa mgonjwa na idadi ya chembe sahani, kwani idadi hiyo ilitabiri madhara vizuri kuliko makadirio ya uboho. Kwa wanahesabu, hayo yalikuwa matokeo machungu.

Hematokriti na chembe sahani husomwa kwenye kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu. Dawa yenyewe ni jambo jingine. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi, mgonjwa wa Soweto jijini Mbeya, au wa Iringa, aliyehitaji tiba ya mionzi alipanda basi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Vyanzo vya mionzi huingia nchini kwa kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Itriamu 90 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa 64, iwe mwilini au ingali njiani.