Rekodi za mwajiri na malipo ya saa za ziada

SHERIA ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, humtaka mwajiri nchini Kenya kumpa mfanyakazi taarifa ya maandishi kila anapomlipa. Taarifa hiyo huonyesha mshahara kabla ya makato, kila kinachokatwa na sababu yake. Vibarua na walioajiriwa kwa muda usiozidi miezi sita hawamo katika kifungu hicho, nao ndio wepesi zaidi wa kupunjwa.

Chini ya kanuni za jumla za ujira, kazi ya kawaida ya mchana ni saa 52 kwa wiki, katika siku sita. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko au sikukuu, maradufu. Baadhi ya sekta zina kanuni zao.

Mwajiri hutakiwa kuhifadhi maelezo ya masharti ya kazi kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Akishindwa kuyatoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye.

Wengi hudhani hapo wameshinda. La hasha! Mahakama zimewahi kushikilia kwamba anayedai saa za ziada sharti aonyeshe ni siku zipi alizozidisha, na kwa saa ngapi. Anayejiandikia saa za kuingia na kutoka huwa na la kusema mbele ya hakimu. Asiyeandika hubaki kukisia. Kesi yenyewe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu.