Oksijeni: jina lililozaliwa na kosa

Ndugu akipiga simu kutoka hospitalini na kusema, "Mama amewekewa oksijeni," nyumbani watu hunyamaza. Wengine huanza kutafuta nauli. Shuleni tulifundishwa kwamba oksijeni ni gesi tunayoivuta ili tuishi. Wodini neno hilohilo limekuwa habari mbaya. Aliyelibuni hakufikiria uhai wala kifo. Alifikiria uchachu.

Gesi yenyewe ilijulikana kabla ya jina. Mfamasia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliipata mwanzoni mwa miaka ya 1770, akaiita hewa ya moto kwa jinsi mshumaa ulivyowaka ndani yake. Bahati mbaya kitabu chake kilichelewa kutoka hadi 1777. Wakati huo Mwingereza Joseph Priestley, mchungaji wa kanisa, alikuwa amekwisha kutangaza ya kwake. Tarehe 1 Agosti 1774 alikusanya miale ya jua kwa lenzi, akachoma unga mwekundu wa zebaki, ukatoa gesi. Mwaka uliofuata alimfungia panya ndani ya gesi hiyo, na panya akadumu kuliko ambavyo angedumu katika hewa ya kawaida. Kisha Priestley akaivuta mwenyewe, akahisi kifua chepesi.

Oktoba 1774 alisafiri hadi Paris, akasimulia jaribio lake mezani kwa Antoine Lavoisier. Mfaransa huyu alikuwa mtu wa mizani: kila alichochoma alikipima kabla na baada. Wataalamu wa zama zile waliamini kwamba kitu kikiungua hutokwa na kitu kingine kilichofichika ndani yake. Lavoisier akaonyesha kinyume, kwamba kinachoungua hujiunga na sehemu ya hewa, ndiyo maana salfa na fosforasi huongezeka uzito zikiungua. Lakini mazao ya salfa na fosforasi yakichanganywa na maji huwa asidi. Hapo akaruka mbali mno: akaamua kwamba gesi hii ndiyo inayozaa asidi zote. Akaunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya ukali, kama wa ndimu, na jingine lenye maana ya kuzaa. Mwaka 1787 yeye na wenzake walichapisha kitabu cha majina ya kemia, na jina hilo likaenea Ulaya.

Lilikuwa jina la makosa. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza alieleza kwamba asidi inayotokana na chumvi haina oksijeni hata chembe. Ni asidi hiyohiyo inayosaga chakula tumboni mwetu. Lavoisier hakuyasikia hayo, kwani tarehe 8 Mei 1794 Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yamemkata kichwa.

Kosa likatafsiriwa. Wajerumani husema Sauerstoff, yaani kitu kichachu. Warusi na Wajapani nao waliweka uchachu ndani ya majina yao. Wachina walichagua neno la kulea na kustawisha, na kwa maoni yangu ndio waliopatia. Kiswahili kilichukua sauti tu, kikaacha uchachu Ulaya. Tayari tulikuwa na hewa, neno lililotoka Uarabuni, na pumzi.

Tumeongeza kosa letu, hata hivyo: kuita oksijeni "hewa safi". Hewa ya kileleni Kilimanjaro na ya stendi yenye moshi wa mabasi zote zina oksijeni karibu asilimia 21; sehemu kubwa ya inayobaki ni naitrojeni. Kileleni hewa ni nyepesi, kwa hiyo kila pumzi hubeba oksijeni kidogo, na mpandaji huhema ingawa hakuna hewa safi kuliko ile.

Kosa la pili ni zito zaidi. Wapo wanaokataa mgonjwa wao awekewe oksijeni kwa kuamini kwamba mtungi ndio unaoua, kwa kuwa waliwaona wengi wakifa wakiwa nao. Watu hao waliwekewa kwa sababu walikuwa wamezidiwa. Oksijeni ni dawa: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya wagonjwa waliopungukiwa nayo mwilini, si kwa ganzi ya upasuaji pekee kama zamani. Simu ya namna ile ikija, usianze kuaga. Muulize muuguzi oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia ngapi kabla mgonjwa hajawekewa, na sasa ni ngapi.