Mranaha na Kromosomu ya Ishirini na Tano

Mranaha, ambao wengine huuita mnanaha, ni wa jamii moja na nyanya, viazi na mnavu, walakini haufai kuliwa hata kidogo. Una sumu za atropini, hiosiamini na skopolamini, ambazo humkausha mtu kinywa, humpanua mboni za macho na kumpotezea akili, na pengine humwua. Mwaka 1676 askari wa Kiingereza waliopelekwa Jamestown, katika Virginia, walipika majani yake kama mboga. Robert Beverley aliandika mwaka 1705 kwamba walipumbaa kwa muda wa siku 11.

Gugu hili la jalalani ndilo alilolichagua Albert Blakeslee kuwafundishia wanafunzi wake wa kilimo huko Connecticut, kisha akalihamishia Cold Spring Harbor, New York. Mwaka 1915 ukamtokea mmea mmoja wenye tunda la mviringo lililobonyea, akauita Globe. Siku hizo ilivuma nadharia ya Mholanzi Hugo de Vries kwamba spishi mpya huzuka ghafla. Je, hii ndiyo spishi mpya? Lakini Globe ulikuwa mkaidi. Uliwarithisha umbo lake takriban robo tu ya wazao, tena kwa njia ya mayai. Chavua yake haikurithisha ila kwa nadra sana. Kanuni za Mendel hazikutosha kulieleza jambo hilo.

Jibu lilipatikana kwa darubini ya John Belling. Mranaha wa kawaida una kromosomu 24, yaani jozi 12; Globe ulikuwa na 25. Naye Blakeslee alikuwa amekwisha kutenga aina 12 za namna hii, akizitambua kwa sura ya matunda tu: moja refu, jingine dogo, jingine la miiba mingi. Aina 12, jozi 12! Kila aina ilikuwa na kromosomu yake iliyozidi. Hapa yafaa tutue, maana hapakuingia jeni yoyote ngeni. Kilichobadilika ni kipimo, kama chumvi ile ile iliyotiwa mara ya pili chunguni.

Mwaka 1922 kikundi hicho kilitangaza mranaha wenye kromosomu 12 tu, na mwaka 1937 Blakeslee akaonyesha kwamba dawa ya kolchisini huziongeza kromosomu maradufu, njia ambayo wazalishaji wa mimea wanaitumia hadi leo. Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwamo Sophia Satina, shemeji wa mtunzi wa muziki Rachmaninoff.

Mwaka 1959 wataalamu wa Paris walitangaza kwamba watoto wenye hali iitwayo Down wana kromosomu 47 badala ya 46. Kabla ya hapo wazazi waliwahi kulaumiwa kwa ulevi, kifua kikuu, hata kaswende. Kumbe kisa kilikuwa kile kile cha Globe, kilichojulikana karibu miaka arobaini nyuma. Blakeslee alikuwa amefariki mwaka 1954.