Sadaka za Ukutani: Makaburi ya Thebes na Walioyanakili

Katika kaburi la Nakht, mtumishi wa hekalu la mungu Amun huko Thebes, Misri, vyakula vimerundikwa ukutani kwa takriban miaka 3,400. Kuna mikate, mapaja ya ng'ombe, bata walionyonyolewa, vichala vya zabibu, tini na mayungiyungi. Nakht na mkewe Tawy wamesimama mbele ya rundo hilo wakilimiminia mafuta ya manukato.

Rundo hilo lilikuwa na kazi. Wamisri wa kale waliamini kwamba ka, nguvu ya uhai ya mtu, huendelea kuhitaji riziki hata baada ya kifo. Jamaa walipaswa kupeleka mikate na bia kaburini, lakini vizazi hupita na wajibu husahaulika. Picha ikawa akiba ya siku hizo. Maandishi ya baadhi ya makaburi humsihi hata mpita njia atamke dua ya sadaka, maana pumzi ya kinywa pekee ilitosha kumpatia marehemu maelfu ya mikate, bia, ng'ombe na ndege.

Akiba hiyo haikuwa salama. Katika zama za Farao Akhenaten jina la Amun lilikwanguliwa kutani. Baadaye wezi walikata vipande vya michoro ili waviuze. Nakala za karatasi nazo hazikutosha kuihifadhi: vitabu vya karne ya 19, vikiwemo vya Mwingereza John Gardner Wilkinson, viliwapa wasomaji zaidi michoro ya mistari, na kamera za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa dhaifu katika kunasa rangi.

Mwaka 1907 Norman de Garis Davies, aliyeajiriwa na Makumbusho ya Metropolitan ya New York, alihamia Qurna, kwenye eneo la makaburi hayo, ng'ambo ya Luxor, pamoja na mkewe Nina. Kazi yao ya kunakili michoro huko ilidumu hadi 1939. Nina aliona kwamba rangi za maji za kawaida hupitisha mwanga, ilhali rangi za Kimisri ni nzito na hufunika. Akachagua rangi zilizochanganywa na yai, akazipaka tabaka juu ya tabaka kama mchoraji wa kale alivyofanya. Mwaka 1936 nakala zake 104 zilichapishwa Chicago kwa usimamizi wa mtaalamu wa Misri ya kale, Alan Gardiner.

Ubora wa nakala hizo hauko katika uzuri wa rangi tu. Mara nyingi Nina alichora pia nyufa, madoa na sehemu zilizobomoka, badala ya kujaza pengo kwa kubuni. Kwa hiyo kila nakala ina tarehe mbili: ya aliyechora ukuta na ya aliyeunakili. Mhifadhi wa leo anayetaka kujua rangi ipi imepotea, na imepotea baada ya lini, huanza kwa kulinganisha ukuta na karatasi ya Nina. Nakala iliyotengenezwa ipendeze macho tu isingeweza kumjibu.