Mungu wa Pangoni na Walionyongwa wa Lilwa

Ukivuka mto kutoka katikati ya Kisangani hadi Lubunga, kisha ukashika njia ya kusini-magharibi kuelekea Opala, unaingia katika nchi ya Wambole, watu wa msitu wa bonde la Lomami. Huko, kabla ya Wabelgiji na kwa muda mrefu baada ya kufika kwao, maisha yaliongozwa na lilwa. Lilwa ilikuwa jando, shule, mahakama na ibada kwa pamoja. Wavulana walitengwa msituni, wakachapwa fimbo, wakafundishwa mambo ambayo mtu asiyeingizwa hakutakiwa kuyajua. Aliyevunja miiko yake mikubwa, hasa aliyetoa siri nje au aliyeua, aliweza kuhukumiwa kunyongwa. Baadhi ya walionyongwa walichongewa sanamu ya mti iitwayo ofika. Uso wa ofika una umbo la moyo, umebonyea na kupakwa udongo mweupe. Mabega yamepanda, mikono imeachana kidogo na kiwiliwili, nyayo zinaning'inia bila kukanyaga chochote. Sanamu ilifungwa juu ya machela, ikabebwa mbele ya vijana, nao wakasimuliwa kosa la marehemu. Hoja yangu ni kwamba sanamu ya namna hii haisomeki peke yake. Maana yake ilitokana na mti wenyewe, maneno yaliyosemwa juu yake, na cheo cha aliyeruhusiwa kuyasikia. Maneno na cheo vikiondoka, mti hubaki bubu, na kila mgeni huupachika maana aitakayo. Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko mbali na mkoa huu wa Tshopo, katika dola ya Roma, kwa mungu aitwaye Mithras.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 1 hadi karne ya 4 baada ya Kristo, wanaume wa dola hiyo, wengi wao askari, watumwa walioachwa huru na watumishi wa serikali, walikutana katika vyumba vidogo vilivyojengwa mfano wa pango. Mabaki ya vyumba hivyo yamefukuliwa toka Uingereza ya kaskazini hadi Dura-Europos ukingoni mwa Eufrati, na katika bandari ya Ostia peke yake vimepatikana zaidi ya kumi. Chumba kilikuwa chembamba, na mabenchi ya kulia chakula yalikaa kandokando ya kuta mbili. Mwisho wake palikuwa na picha ileile kila mahali: kijana mwenye kofia ya Kiajemi amepiga goti juu ya mgongo wa fahali, amemshika puani, anamchoma kisu huku akigeuza uso pembeni. Mbwa na nyoka wanairukia damu, nge anamshika fahali sehemu za siri, na kutoka mkiani huchipua masuke ya ngano. Kando yake wamesimama vijana wawili wenye mienge, mmoja ameuinua, mwingine ameuinamisha. Waumini walipanda ngazi saba, toka Kunguru hadi Baba, na sakafu ya pango la Felicissimus huko Ostia ina alama za ngazi zote saba, moja baada ya nyingine, kama hatua za kutembea. Wanawake hawakuingizwa. Kitabu cha mafundisho hakikuachwa hata kimoja. Mwanafalsafa Porfirio, katika karne ya 3, alieleza kwamba pango lile lilikuwa mfano wa ulimwengu wote. Lakini hayo ni maneno ya mtu wa nje akisimulia aliyoyapokea kwa wengine.

Pango lilipofungwa, tafsiri zikafunguliwa. Mwaka 1871 Mmarekani Albert Pike alichapisha kitabu chake kikubwa cha mafundisho ya Uframasoni, na humo Mithras anatajwa kati ya siri za kale ambazo vyama vya ngazi vya Ulaya vilipenda kujihesabu warithi wake. Hakuna hati inayounganisha vyama hivyo na mapango ya Ostia. Kisha akaja mtaalamu wa kweli, Franz Cumont, Mbelgiji aliyezaliwa Aalst mwaka 1868. Kati ya 1894 na 1899 alikusanya maandishi na sanamu zote za Mithras zilizojulikana wakati wake, akahitimisha kwamba huyu ni mungu wa Iran aliyehamia Roma pamoja na mafundisho yake. Kwa zaidi ya miaka 70 neno lake lilikuwa sheria. Mwaka 1971, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Manchester, John Hinnells na Richard Gordon walionyesha kwamba Cumont alijaza mapengo ya picha kwa kutumia vitabu vya Iran visivyosema popote kwamba Mithra alimuua fahali. Baadaye David Ulansey akasema picha nzima ni ramani ya nyota: fahali, mbwa, nyoka na nge ni makundi ya nyota angani. Ni wasomi hodari wote, na kila mmoja ameona jambo. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Mithras ilivunjika miaka 1,600 iliyopita.

Sasa tazama tarehe. Wakati Cumont akichapisha majuzuu yake Brussels, taji la Ubelgiji na la Dola Huru ya Kongo lilikuwa juu ya kichwa kimoja, cha Leopold wa Pili. Mwaka 1898 iliundwa Kampuni ya Lomami, iliyokamua mpira katika bonde lilelile la Wambole. Mwaka 1910 dekreti ya machifu iliweka chini ya serikali mamlaka ya kuhukumu ambayo zamani yalikuwa ya wazee, na machifu wakavikwa medali shingoni. Wamisionari waliipiga vita lilwa kama kazi ya shetani, na utawala ukapiga marufuku kunyonga kwake. Wakati huohuo, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wazungu wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, walikuwa wamekwisha kufungua loji yao ya Kiframasoni, L'Ère Nouvelle, yenye ngazi zake, alama zake na kiapo cha kutunza siri. Katika mkoa uleule, siri ya mtu mweupe ilihesabiwa kuwa uhuru wa dhamiri, na siri ya Mmbole ikahesabiwa kuwa hatari kwa usalama. Ndiyo maana sikubali kusema kwamba maana ya ofika "ilipotea". Watu walionyimwa nafasi ya kuhukumu, kukusanyika na kufundisha walinyimwa pia nafasi ya kusema juu ya sanamu maneno yaliyoifanya iwe sanamu. Mti ukasafiri peke yake hadi makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji na hadi maduka ya sanaa ya Brussels na Paris, ambako kadi hutaja kabila, nyenzo na urefu. Mtazamaji huona huzuni, au babu mtukufu, au mungu wa msitu. Kijana wa lilwa aliona fulani bin fulani, aliyefanya jambo fulani, akahukumiwa na wazee anaowajua.

Atatokea wa kuniuliza: je, mila iliyowanyonga watu inastahili kuliliwa hivi? Simtetei mnyongaji, na ninafurahi kwamba kamba ile haiko tena. Ila tusisahau kwamba aliyeikataza alikuwa na kitanzi chake mwenyewe katika sheria ya koloni, na fimbo ya ngozi ya kiboko kwa makosa madogo. Tofauti ninayoiona ni nyingine: lilwa ilimnyonga mtu kisha ikamhifadhi. Aliyehukumiwa hakufutwa, alichongwa, akapakwa udongo mweupe, akatunzwa na wenye vyeo, akaingia katika mafundisho ya vizazi vilivyofuata. Daniel Biebuyck, aliyechapisha uchunguzi wake juu ya sanamu hizi mwaka 1976, anaeleza pia kwamba zilitumika kutuliza ugomvi na kutafuta baraka ya uwindaji. Mkosaji aligeuka kuwa mlinzi wa wale aliowakosea. Hilo ni wazo zito la kidini juu ya hatia, na halionekani kabisa kwa anayetazama sanamu nyuma ya kioo.

Wengine watasema kwamba kumleta Mithras ni kutafuta heshima ya Roma kwa kitu cha msituni. Lilwa haihitaji heshima hiyo, na sidai kwamba zina asili moja. Pango na msitu havikupata kujuana. Nimemleta Mithras kwa sababu mwisho wake unajulikana. Tumeona jinsi msomi mwaminifu, mwenye kila ushahidi wa mawe mkononi, alivyokosea kwa vizazi viwili kwa kukosa mtu wa kumuuliza. Hapa Tshopo watu wa kuulizwa bado wapo, Opala na hata Lubunga mjini. Mwaka 1979 Kalala Nkudi alichapisha Brussels uchambuzi wa alama za lilwa ya Wambole wa Lomami, na kazi hiyo inaonyesha kwamba mfumo wa vyeo na maana ya alama unaweza kuandikwa kwa uangalifu na Mkongomani mwenyewe. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963, kiko karibu na Opala kuliko taasisi yoyote ya Ulaya yenye ofika katika stoo zake.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la tatu: kwamba siri ni siri, na mwanafunzi anayekwenda kuiuliza kwa daftari anafanya kosa lilelile ambalo ofika ilichongwa kulionya. Hapo sina ruhusa ya kumjibia mzee wa lilwa. Naona tu kwamba siri hiyo haikuwahi kuwa ukimya mtupu. Ilikuwa utaratibu wa nani amwambie nani, lini, na baada ya kupitia nini. Mwenye cheo alikuwa na haki ya kusema, na alisema. Akiamua leo kwamba jina la aliyenyongwa litajwe na mengine yabaki msituni, uamuzi huo ni wa lilwa bado, nao ungeipa kadi ya makumbusho mstari wa kwanza wa kweli: huyu ni nani, alikosa nini, na ni nani waliobeba machela yake mbele ya vijana.