Nani Kamuuliza Mzazi?

Wasomaji wangu, mtaniwia radhi kwa ukimya wa wiki mbili hizi. Kazini kulikuwa na pilikapilika zake, na nyumbani nako tulikuwa na mgeni mdogo. Dada yangu alijifungua mtoto wa kike. Leo, kwa ruhusa yake, naandika kidogo kuhusu yeye, na zaidi kuhusu historia ambayo hakuna aliyenifundisha chuoni.

Mama alikuja kutoka Tanga na kapu lake la pilipili manga. Kwa siku arobaini dada hakugusa jiko. Alikandwa kwa maji ya moto, alinyweshwa uji, alilala huku bibi akimbembeleza mtoto. Arobaini ilipofika mtoto akanyolewa, tukala pilau, na kesho yake mama akapanda basi. Baada ya hapo dada akaanza kulia bila sababu. Mtoto akilia, anamtazama tu kama mtoto wa jirani. Na mimi, msomi mzima, nilimwambia nini? "Dada, jikaze. Wangapi wanatafuta mtoto hawapati?" Akanyamaza. Nikadhani nimemshauri.

Zamu ya chanjo ilipofika nilimsindikiza kliniki. Mtoto akapimwa uzito, akachomwa sindano, kadi ikaandikwa. Mama mtu hakuulizwa neno zaidi ya kama ananyonyesha. Nikarudi na swali kichwani: hivi ni lini watu walianza kumuuliza mzazi hali ya moyo wake?

Madaktari wanaujua ugonjwa huu zamani. Mwaka 1858 daktari Mfaransa, Louis-Victor Marcé, alichapisha kitabu kizima kuhusu maradhi ya akili ya wajawazito, waliojifungua na wanaonyonyesha. Ndiyo maana mwaka 1980, wataalamu wa fani hii walipounda chama chao Uingereza, walikipa jina lake. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja waliohesabiwa zaidi walikuwa wale waliozidiwa mpaka wakapelekwa hospitali za vichaa. Aliyelia kimya kimya jikoni hakuwamo kwenye hesabu.

Sasa sikilizeni hii, maana mimi ilinishtua. Mmoja wa watu waliokuja kubadilisha mambo alianzia utafiti wake hapa jirani, Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Mwingereza kijana, John Cox, alikuwa anafanya kazi huko. Alihoji wajawazito na waliojifungua huko Buganda, na matokeo ya utafiti uliohusu wanawake 263 aliyatoa mwaka 1979. Mwaka huohuo aliandika pia kuhusu amakiro, jina ambalo Waganda walikuwa nalo kwa wazimu unaompata mzazi. Tazama basi: jina lilikuwapo kabla mgeni hajashuka kwenye ndege. Wanaosema sonona baada ya uzazi ni ugonjwa wa Wazungu wenye nafasi ya kujidekeza, hapo wana la kujibu.

Ila tusijisifu mapema. Amakiro ilikuwa na jina, na ilikuwa na lawama pia. Iliaminika kwamba inatokana na mke au mume kutoka nje ya ndoa wakati wa mimba. Mwanamke akiugua, badala ya kuulizwa anajisikiaje, anaulizwa alikuwa na nani. Je, nani atafungua mdomo hapo?

Cox alirudi Uingereza, akafanya kazi Edinburgh, na mwaka 1983 akachapisha ulinganisho wa wanawake wa Uganda na wa Uskoti. Sonona ilikuwako kote kuwili. Shida ikawa namna ya kuitambua. Maswali ya kawaida ya sonona yaliuliza habari za uchovu na kukosa usingizi, na mzazi gani asiyechoka? Mwaka 1987, yeye na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky wakatoa maswali kumi tu, yanayohusu siku saba zilizopita. Je, bado unaweza kucheka? Unajilaumu bila sababu? Umeingiwa na hofu? La mwisho ndilo zito kuliko yote, kwani linauliza kama umewaza kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Karatasi moja, dakika chache. Leo maswali hayo yametafsiriwa katika lugha nyingi duniani, na hata akina baba wanaulizwa.

Lakini kuuliza tu haitoshi. Ukishajua, unafanya nini? Mwaka 1989 watatu hao walitoa jibu. Waliwachukua wauguzi wa kawaida wanaotembelea familia majumbani, wakawapa mafunzo mafupi ya ushauri nasaha, yaani namna ya kusikiliza bila kukatiza na bila kuhubiri. Kazi yao ikawa kumtembelea mzazi mara moja kwa wiki kwa wiki nane. Kati ya wanawake 26 waliotembelewa hivyo, 18 walipona. Kati ya 24 waliopata huduma ya kawaida tu, walipona 9.

Wapo watakaosema hayo ni ya nchi tajiri. Haya, twende Pakistani. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walichapisha utafiti kutoka vijiji vya huko, ambako wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, walifundishwa kuzungumza na wazazi wenye sonona. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati kwenye kundi jingine walikuwa asilimia 53. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likautoa mpango huo kama mwongozo.

Nikikumbuka arobaini ya dada, sioni cha kuidharau. Ilimpa mikono ya kumsaidia, na mikono ni kitu kikubwa. Masikio hayakuwapo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwanamke tunamtaka asifiche kitu mpaka azae, na akishazaa tunamwambia jikaze, yaani aanze kuficha upya.

Jumapili moja nilikaa naye uani, nikamwomba radhi kwa lile neno langu, nikamuuliza. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema mambo ambayo sitayaandika hapa. Usiku huohuo alimwambia shemeji, na shemeji naye akakiri kwamba alikuwa anachelewa kurudi kwa sababu alikuwa anaogopa kuingia ndani. Wiki iliyofuata walikwenda pamoja hospitali yenye mtaalamu wa afya ya akili. Hajapona kabisa. Ila juzi nilimkuta anamchekea mtoto.

Basi ndugu zangu, ukienda kumtazama mzazi, beba kanga na sabuni kama kawaida yetu. Mtoto mpakate. Halafu mgeukie mama yake umuulize yeye hali, usubiri jibu. Akikuambia anasikia sauti, au anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Na wewe unayesoma hapa, nyumbani kwenu mzazi aliulizwa?