Ziwa Naivasha: Mafunjo yalifyekwa, sasa maji yanaingia nyumbani

Kwa wakazi wengi wa Nairobi, Naivasha ni wikendi. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi, unakula samaki, unapanda boti kuona viboko, unapiga picha na twiga Crescent Island, kisha jioni unarudi mjini. Lakini ziwa hilohilo ndilo hunyunyizia mashamba ya maua yanayouza waridi Ulaya, na kandokando yake kuna mitaa ya wafanyakazi kama Karagita na Kihoto. Ni mzigo mkubwa kwa ziwa lisilo na kina kirefu.

Kitu cha kufahamu kwanza ni kwamba hakuna mto unaotoka Naivasha. Maji huingia zaidi kupitia Mto Malewa, kisha mengine huwa mvuke na mengine hupenya chini ya ardhi. Huko chini ndiko chumvi huenda, ndiyo maana maji yake si ya chumvi kama ya majirani zake, Elmenteita na Nakuru. Ila tope, mbolea na maji taka yakishaingia, mengi hubaki humo.

Zamani kulikuwa na kichujio cha bure: mafunjo. Yalizuia tope, yakanyonya mbolea na kuwapa samaki maficho. Sehemu kubwa imefyekwa kupisha kilimo, mifugo na majengo. Na tuseme ukweli, mgeni anayelipa hoteli anataka kuona maji, si ukuta wa mafunjo.

Gugumaji lilionekana ziwani mwaka 1988, nalo hunenepeshwa na mbolea hiyo. Likitanda, boti hazipiti na nyavu hukwama. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa kwa muda kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno. Februari 2010, mvua iliponyesha baada ya ukame mkali, samaki wengi walielea wakiwa wamekufa. Oksijeni majini ilikuwa imeshuka. Kufungwa kwa uvuvi na vifo hivyo vya samaki vilitokea ziwa likiwa tayari kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 1995.

Halafu kuna suala la ploti. Kiwango cha maji Naivasha hupanda na kushuka, ni tabia yake. Mwaka 2009 ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana. Ardhi iliyoachwa wazi ilionekana kama ya bure. Mwaka 2020 maji yaliingia Kihoto, na mwaka 2025 yakaingia tena, maelfu wakahama. Mvua nyingi ndiyo iliyojaza ziwa, si hoteli wala maua, lakini mvua haikumpangisha mtu nyumba ufuoni.

Viboko nao wamebanwa. Usiku hutoka kutafuta nyasi, wanakuta ua, ukuta au nyumba. Wanaoumia zaidi ni wavuvi wanaoingia majini kwa miguu, hasa wasio na leseni wala boti. Wewe mgeni ukienda, vaa jaketi la kuokolea maisha, na nahodha akitaka kusogea karibu na kiboko ili upate picha nzuri, mwambie hapana.